Filamu Iliyobaki Ndani ya Kamera ya Jada

Jua lilikuwa linazama mjini Koboko, Kevina na kaka yake Alionzi walipofika kwa Mama Santa, mjane aliyekuwa akiuza vifaa vya marehemu mumewe, Jada mpiga picha. Walikuja kununua kamera moja. Mama yao, Helen, alikuwa hoi huko Ediofe, Arua, na picha zake zote zilipotea ukimbizini. Za simu alizikataa katakata. Alitaka kamera, kama watu wa heshima. Sasa siku ya kuzikwa, wangeweka nini juu ya jeneza?

Mezani zilikuwa mbili. Moja ya plastiki, yenye kioo cha kuonyesha picha papo hapo. Nyingine ya Kijerumani, nzito, rangi imebanduka hadi shaba inang'aa. Inatumia filamu. Lenzi ina ukungu pembeni.

"Chukua ya kioo," Alionzi akasema. "Mgonjwa hangoji filamu."

"Hiyo inapiga sura. Hii inapiga mtu," Kevina akasema, akiinua ile ya Kijerumani.

"Haya, mheshimiwa. Umeshinda mdahalo."

Mama Santa akamvuta Kevina kando. "Filamu ya mzee iko ndani bado," akanong'ona. "Iko na wafu wa kambi, alipiga kabla ya kuzika. Toa kwanza, mtoto yangu. Usiwaongezee mutu."

Kevina akaitikia.

Hakuitoa. Arua nzima hakuna filamu ya kununua, na kwenye hiyo zilibaki nafasi nne. Atupe nafasi nne kwa maneno ya mjane?

Kesho yake jioni alimkalisha mama kitini, uani. Walikuwa wawili tu. Harufu ya udongo uliochimbwa ikapanda...

"Mama, niangalie."

"Nakuangalia. Waambie wenzako wasogee kidogo, wananizibia mwanga."

Kla. Kla. Kla. Kla.

Filamu ikapelekwa Kampala kwa basi, ikasafishwe. Siku ya tano mama akafa. Bahasha ikafika asubuhi ya mazishi.

Picha ya kwanza: mama kitini, uso hauonekani vizuri, na nyuma yake watu waliofumba macho, pamba puani. Fundi alikuwa ameandika kikaratasi: filamu ilikwama, picha zimepandana. Sawa, hoja ina mashiko. Ya pili, uso uko wazi, lakini mkono wa mmoja wao uko begani mwa mama. Ya tatu, mama naye amefumba macho.

Ya nne, kiti kitupu.

Mama amesimama katikati yao.

Hapo kikaratasi cha fundi hakikuwa na la kusema.

"Picha iko wapi?" Shangazi Emilia akaita kutoka nje. "Watu wanataka kumwona."

Alionzi akaigeuza picha ya nne kifudifudi. Kevina akachukua mkasi na ile picha ya pili, akawakata wageni mmoja mmoja, machozi yakimziba macho. Ule mkono haukukatika bila kukata bega la mama. Akauacha.

Shangazi akainama juu ya jeneza, akaitazama picha.

"Huyu aliyemshika ni nani?"

"Jirani yake, shangazi," Kevina akasema.