Safa na Dawa Alizoziacha

Kila asubuhi Safa alijifunga kanga, akafagia ua wa nyumba yao ya Magongo, kisha akanyunyiza maji mlangoni ili vumbi la malori litulie. Saa hiyo mama yake, Bi Swabra, alikuwa ameondoka kitambo. Kiwanda alikoshona nguo kilifunga lango mapema, na aliyechelewa alirudi nyumbani. Safa akimaliza kufagia alipika chai, akaanika nguo, halafu akaketi kitandani kupanga na kupangua vitu vyake vya chuoni: mashuka, sufuria ndogo, sweta nzito na blanketi ambalo mama alilichagua mwenyewe sokoni Kongowea.

"Eldoret si Mombasa, mwanangu," mama alimwambia siku waliyolinunua, akilibonyeza blanketi kwa vidole. "Huko baridi yaingia mpaka mifupani."

Wenzake Safa waliomaliza naye shule ya upili walikuwa wameanza chuo kikuu mwezi wa Septemba. Yeye alibaki nyumbani kwa sababu ya maradhi. Alianza kukohoa kikohozi kisichosikia dawa ya dukani wala tangawizi. Akakonda hata sketi zikawa zinamvuka, na kila alipolala alitokwa na jasho la kulowesha mto. Mama alimpeleka kituo cha afya, makohozi yake yakapimwa, wakaambiwa ni kifua kikuu.

"Ugonjwa huu unapona kabisa," muuguzi mmoja aliyeitwa Bi Philister aliwaeleza. "Lakini dawa ni za miezi sita, kila siku, bila kuruka. Hata ukijisikia mzima, unaendelea."

Chuo kilikubali Safa aanze muhula wa Januari. Basi miezi ile ya mwanzo mama alimsimamia kama askari. Alimwamsha kabla ya kwenda kazini, akampa vidonge na maji, akangoja mpaka vimeshuka. Kikohozi kikakoma. Mashavu yakajaa tena, na Safa akaanza kuimba akiosha vyombo.

Desemba ilipoingia, mama akamkabidhi dawa zake.

"Wewe sasa ni mtu mzima," alisema. "Mwezi ujao utakuwa mbali, wala sitakuwako kukukumbusha. Nakuamini."

"Haya, mama," Safa akajibu, na alijiona mkubwa kweli.

Juma lile lile Carolyne alirudi likizo. Carolyne alikuwa jirani yao, binti wa dereva wa lori, naye alisoma katika chuo kile kile alichokuwa akienda Safa. Hakujua habari za kifua kikuu. Alikuwa ameambiwa kwamba Safa aliugua malaria kali, na Safa hakuwahi kumsahihisha. Walikaa barazani wakila viazi vya karai, Carolyne akisimulia mambo ya chuoni bila kupumua.

"Hosteli tuko wanne kwa chumba kimoja, Safa. Kitanda juu ya kitanda! Huko huwezi kuficha kitu. Kuna msichana mmoja alipatikana na kopo la dawa kwa sanduku lake. Watu wakaanza kumwita Duka la Dawa. Alichekwa mpaka akahama chumba."

"Alikuwa akiumwa nini?" Safa aliuliza.

"Nani ajuaye? Watu walisema kila kitu." Carolyne akacheka, akachovya kiazi kwenye ukwaju.

Safa hakucheka. Alikuwa akihesabu kimoyomoyo. Dawa zake zilikuwa ziishe mwisho wa Februari. Kwa hivyo angezimeza mbele ya wageni watatu, katika chumba kimoja, kila siku ya Mungu. Alijiona akiitwa jina la ajabu kabla hata hajajua darasa lake liko wapi.

Asubuhi iliyofuata alivitoa vidonge, akavitazama kiganjani. Hakuwa na homa. Hakuwa na kikohozi. Jana yake alikuwa amebeba ndoo mbili za maji bila kuhema. "Nimeshapona," alijiambia. Akaenda chooni, akavimwaga.

Jioni mama aliporudi alimuuliza, "Umemeza?"

"Nimemeza, mama."

Uongo wa siku ya kwanza aliusema akitazama chini. Wa siku ya pili ulipita kwa urahisi zaidi. Baada ya hapo mama akaacha kuuliza.

Katikati ya mwezi dada yake mkubwa, Ruwaida, aliyeolewa Bamburi, alijifungua mtoto wa kiume. Kama ilivyo desturi, alirudi kwa mama yake kukaa arobaini. Nyumba ikanukia udi na uji wa pilipili manga, na majirani wakawa hawaishi kuingia na kutoka. Mtoto alipewa jina Sharif. Safa alimpenda mpaka akamsahau Carolyne na hosteli yake. Ruwaida alipokwenda kuoga, Safa ndiye aliyempakata mtoto, akimnusa utosi na kumwimbia.

Siku moja, akiwa amempakata hivyo, kifua kilimwasha ghafla. Alikohoa. Akakohoa tena, mara ya tatu, usoni mwa mtoto. Sharif alikunja uso, akapiga chafya ndogo kama ya paka.

Safa alimlaza kitandani upesi kana kwamba amemuunguza. Alitoka uani, akasimama karibu na kamba ya nguo. Maneno ya Bi Philister yalimrudia yote: kwamba vijidudu vya kifua kikuu husafiri hewani mtu anapokohoa, na kwamba watoto wachanga ndio huumia zaidi. Tangu siku hiyo hakumgusa mtoto. Alihamishia mkeka wake jikoni. Ruwaida akimwita, alijibu akiwa mlangoni, amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kikohozi nacho hakikumwacha.

Ruwaida alivumilia siku chache, kisha akashindwa. Ilikuwa Jumapili, mama yuko nyumbani akimkanda mtoto mafuta ya nazi.

"Mama, muulize binti yako," Ruwaida alisema, machozi yakimlengalenga. "Nikimwambia nishikie mtoto, akimbia. Hata chumbani haingii. Kwani mwanangu ananuka?"

"Safa!" mama akaita. "Njoo hapa. Mchukue mwana wa dada yako."

Safa alisimama kizingitini, hakusogea.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

Angeweza kusema ana mafua. Neno lilikuwa tayari ulimini, nalo lilikuwa jepesi. Lakini alimwona Sharif akipapasa hewani kwa vidole vyake, akaona kwamba uongo huu haungemdhuru yeye peke yake.

"Nakohoa," alisema. "Na dawa niliziacha. Nazimwaga chooni tangu Carolyne arudi. Nilikudanganya, mama."

Ruwaida alimnyakua mtoto mapajani mwa mama. Mama hakupiga kelele. Alijifuta mafuta kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja.

"Fungueni madirisha yote," mama alisema mwishowe. "Ruwaida, kaa chumba cha mbele. Wewe, kesho siendi kazini. Twaenda wote kituoni."

Kesho yake walimkuta Bi Philister akiwapima watu uzito chini ya kivuli cha bati. Mama alitoa salamu, kisha akamwachia Safa azungumze mwenyewe. Safa alieleza yote bila kupunguza. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wajua kwa nini dawa hizi ni za miezi sita?" aliuliza. "Miezi ya mwanzo inaua vijidudu vingi, ndiyo maana unajisikia mzima. Vinavyobaki ni vichache, lakini ni sugu. Ukiacha njiani, hivyo ndivyo vinavyozaana, na safari hii vinaweza kuizoea dawa. Kutibu kifua kikuu kilichoizoea dawa ni kazi ndefu na nzito. Na ukimwambukiza mtoto, unamwambukiza hicho hicho."

Safa aliinamisha kichwa. Makohozi yake yakachukuliwa, na mtoto naye akapimwa. Wakaambiwa wangoje majibu. Zile zilikuwa siku ngumu kuliko zote za ugonjwa wake. Kila Sharif alipolia chumba cha mbele, Safa jikoni alishika tama.

Majibu yalikuja mazuri. Vijidudu havikuonekana, na kikohozi kilikuwa cha mafua ya kawaida. Sharif alikuwa salama. Ruwaida aliposikia, alimkumbatia mdogo wake.

"Usidhani ulifanya sawa kwa sababu majibu ni mazuri," Bi Philister alimwonya Safa. "Ni bahati, na bahati haimezwi kama dawa. Siku ulizoruka utazilipa. Hiyo ina maana utamalizia dozi Machi, ukiwa chuoni. Nitakuandikia uende kituo cha afya cha huko, wakupokee."

Kwa hivyo lile jambo alilolikimbia lilikuwa likimngoja palepale. Jioni hiyo Safa alivuka njia kwenda kwa Carolyne, akamweleza kwamba haikuwa malaria. Aliongeza kwamba haambukizi tena, na kwamba atakuwa akimeza vidonge hosteli.

Carolyne alikwepa macho yake. "Yule msichana niliyekuambia," alisema kwa sauti ndogo, "mimi pia nilimcheka. Sikujua hata ana nini." Akakuna goti. "Tukifika nitamtafuta. Na mtu akikuita jina, ataanza na mimi."

Januari, mama aliomba ruhusa kazini akawasindikiza Safa na Carolyne mpaka stesheni ya treni ya Miritini, wapande ya Nairobi kisha basi la Eldoret. Foleni ya ukaguzi wa mizigo ilikuwa ndefu. Safa alitazama saa, akafungua mkoba wake, akatoa vidonge na chupa ya maji. Alivimeza pale pale kwenye foleni, watu mbele na nyuma.

"Waumwa, binti?" aliuliza bibi mmoja mwenye kikapu.

"Nilikuwa na kifua kikuu, bibi. Natibiwa, karibu namaliza."

"Mungu akuafu, mjukuu wangu," bibi alisema, akageuka kuusogeza mzigo wake. Hakuna aliyecheka.

Mama alimvuta Safa kando, akamtengeneza mtandio.

"Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia. "Wewe uliyaficha kwa kuogopa kicheko cha watu usiowajua, na kidogo tu tungelia sote kwa ajili ya mtoto asiye na hatia. Kuugua si aibu, Safa. Dawa ukianza, imalize. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema siku ile mlangoni. Ungenyamaza siku ile, nisingethubutu kukuacha uende. Kwa kuwa ulisema, nakuacha uende, na moyo wangu umetulia."