Dawa ya Mkanda Isiyojaribiwa

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, kina mama wa Samuye walipanga madebe yao mbele ya mashine ya kusaga ya kijiji. Bujiku aliwasha injini. Ikakohoa, ikatoa moshi, kisha ikanguruma. Mkanda mrefu wa mpira ukazunguka, unga ukaanza kutoka.

"Mwangaluka, Baba Justina!" walimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka! Nani wa kwanza?"

Bujiku alikuwa msagishaji wa kijiji. Alikuwa pia mtunza daftari, na kwa daftari hilo alivimba kichwa. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la kisomo. Mwaka 1977 watu wa Samuye na Didia walikubaliana jambo. Mashine zao zilikuwa za aina moja, na vipuri vilikuwa adimu. Basi dawa zote za ubovu wa mashine ziandikwe mahali pamoja. Anayegundua namna ya kutengeneza kitu, amwambie Bujiku. Kila mwezi watu wa Didia waje kunakili.

Daftari lilijaa upesi, kwa sababu Bujiku hakukataa kitu. Mtu mmoja alisema injini ipakwe rangi ya samawati ipendeze, naye akaandika. Aliona daftari nene ndilo daftari zuri.

Siku moja baba mkwe wake, Mzee Pantaleo wa Didia, alikuja kumtembelea binti yake Febronia. Mzee huyo aliwahi kufanya kazi mgodini Geita miaka mingi.

"Mkanda ukiteleza, upake mafuta ya nyonyo," alisema. "Sisi mgodini tulifanya hivyo siku zote."

Bujiku alisimama mbali kidogo, macho chini, kama mkwe anavyopaswa. Swali lilimjia: mkanda wa namna gani? Lakini nani amwulize mkwe wake maswali kama mshtakiwa barazani? Akalimeza.

"Asante, baba," akasema, akaandika.

Mzee alipoondoka, Febronia alimwuliza, "Umeijaribu hiyo dawa?"

"Nimjaribu baba yako?" Bujiku aling'aka. "Mtu wa mgodini?"

"Sikusema baba. Nimesema mafuta."

Bujiku akajifanya hakusikia. Mkanda wake haukuwa ukiteleza, ajaribu nini?

Watu wa Didia wakaja, wakanakili, wakaenda zao. Wiki chache baadaye alikuja Donatus, msagishaji wa Didia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kanga.

"Mkanda wetu ulianza kuteleza," alisema. "Tukafuata daftari, tukaupaka mafuta ya nyonyo. Ukavimba, ukalainika. Siku ya nne ukakatika, ukanichapa mkono. Sasa mashine imesimama. Nimekuja kuuliza, ninyi mlipaka kiasi gani?"

Bujiku alihisi uso ukiwaka moto. Hapo ndipo angesema: hatukupaka. Neno moja tu! Lakini ulimi ulimtangulia.

"Kidogo sana," akasema. "Ninyi mlizidisha."

Donatus akainamisha kichwa. "Basi tusamehe, ndugu yangu. Tumeiharibu dawa yenu."

Mtu aliyeumia ndiye aliyeomba radhi. Bujiku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake wanawake wa Didia walikuwa kwenye foleni ya Samuye, vumbi hadi magotini. Waliondoka kwao alfajiri wakiwa na mahindi kichwani. Mmoja wao, Paskazia, alicheka kwa uchovu.

"Yametupata, Baba Justina. Wanaume wetu hawajui kupaka mafuta!"

Wenzake wakacheka naye. Bujiku hakuweza kumtazama mtu machoni. Siku hiyo alirudi nyumbani, akaliangalia sinia la ugali, akanawa mikono bila kula. Aliona aibu, na alijua ni haki yake kuiona.

Wiki hiyo hiyo Eustace, fundi wa wilaya, alipita na pikipiki yake kukagua mashine. Bujiku alimvuta pembeni, akamweleza yote, hata uongo wake. Eustace hakumfokea. Aliomba daftari, akaketi juu ya debe, akasoma ukurasa kwa ukurasa.

"Mafuta ya nyonyo ni dawa kweli," alisema, "kwa mkanda wa ngozi. Ngozi hulainika, ikashika vizuri. Mkanda wa mpira huozwa na mafuta. Mgodini mkanda ulikuwa wa ngozi. Mkweo hakudanganya."

"Basi kosa ni langu."

"Ni lako. Hukuuliza, na hukujaribu. Hii hapa, ya kuosha chujio la dizeli. Mmeijaribu?"

"Mara nyingi. Hata Didia."

"Ibaki. Na hii ya rangi ya samawati inatibu nini?"

"Haitibu kitu."

"Ifute! Kila jambo la bure linaficha la maana. Na hii ya kukata kipande cha bomba la moshi. Ukikata ukakuta umekosea, utaunganisha na nini?"

Bujiku aliligeukia bomba la mashine yake.

"Basi itoke kwanza," Eustace alisema. "Bujiku, si kila linalosemwa liingie. Andika ubovu ni upi, dawa ni ya kifaa gani, nani aliijaribu, kwa siku ngapi. Andika pia namna ya kurudisha kama zamani ikishindikana. Asiye na majibu hayo umshukuru, umwambie angoje."

"Hata akiwa mkwe?"

"Mkanda unamjua mkwe wako?"

Bujiku aliiomba kamati ya Samuye mkanda wao wa akiba. Wakampa, kwa manung'uniko. Akaufunga kwenye baiskeli, akaenda Didia.

Watu walikusanyika kwenye mashine yao. Mzee Pantaleo alikuwamo. Bujiku alisimama mbele yao.

"Hamkuzidisha mafuta," alisema. "Sisi hatukuyapaka kabisa. Niliandika kitu nisichokijaribu, halafu nikawadanganya. Donatus, mkono wako ni kosa langu. Nisamehe."

Watu walimgeukia Donatus. Kisha Donatus akauangalia mkanda mpya.

"Nisaidie kuufunga," akasema. "Mkono mmoja hautoshi."

Walipomaliza, Mzee Pantaleo akamwita Bujiku. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Siku ile ulikuwa na swali," alisema. "Nililiona usoni mwako. Mbona hukuuliza?"

"Niliogopa kukukosea heshima, baba."

"Ungeniuliza, ningekujibu ni wa ngozi. Sasa kijiji kizima kimetembea juani kwa neno langu. Heshima gani hiyo?"

Bujiku alirudi Samuye, akang'oa kurasa za dawa zisizojaribiwa.

Daftari likawa jembamba. Kwenye mavuno yaliyofuata mashine zote mbili zilisaga bila kusimama hata wiki moja, na mkono wa Donatus ulipona. Ndipo Mzee Pantaleo akaja Samuye tena, na dawa nyingine, ya injini inayogoma kuwaka asubuhi ya baridi. Bujiku alifungua daftari. Akashika kalamu.

"Baba, ni kwa injini ya aina gani?"

"Kama yenu."

"Nani aliijaribu?"

Mzee alikuna kidevu.

"Hajaijaribu mtu. Niliisikia tu," akasema. "Usiandike."