Msumari wa Utosini

Fuvu lilikuwa limegeuka. Mtaalamu wa mifupa aliliacha mezani likitazama mlango. Asubuhi akalikuta limeukabili ukuta.

"Babu Kioo, umeligusa?" alimwuliza fundi wa eksirei.

"Mimi? Wafu wako sina ubia nao."

Lilikuwa fuvu la mwanamke aliyeuawa miaka mia nne iliyopita, akafukuliwa chini ya msingi wa nyumba kuukuu. Picha za Babu Kioo zilionyesha msumari uliozama utosini. Mifupa ya mikono haikuwa na hata alama moja ya kujikinga.

"Hakupigana," mtaalamu alinong'ona. "Kwa nini?"

Akaung'oa msumari kwa koleo ili aupime. Papo hapo maabara ikanuka nywele zilizoungua.

Aliporudi nyumbani, msumari mkobani, harufu ilikuwa imemtangulia. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa jikoni, mikono kifuani.

"Sema polepole," dada alimwambia. "Kuna mtu anapumua ndani yangu."

Kufikia siku ya tatu dada hali wala halali, anazungumza kwa sauti mbili, moja yake na moja nzito kama jiwe linaloburutwa sakafuni, na kila hiyo ya pili inapotoka vyombo vinatetema kabatini, na mdogo mtu, ambaye maisha yake yote aliwauliza wafu maswali wakamjibu, anakaa mlangoni asijue amwulize nini aliye hai.

Mganga alikuja mchana. Alifukiza, akasoma, akatoka jasho, kisha akaomba kuonyeshwa msumari.

"Yule mwanamke hakuuawa na adui," alisema. "Ni watu wake. Walimfungia jini kichwani."

"Basi tumrudishe fuvuni!"

"Jini hafungiwi kwenye mfupa mtupu, binti yangu. Hufungiwa ndani ya mtu aliye hai." Akausukuma msumari mezani hadi mbele ya mtaalamu. "Dawa nyingine siijui. Nisamehe."

Akaondoka bila kuaga.

Mtaalamu aliketi sakafuni. Dada alikuja taratibu, akalaza kichwa mapajani mwa mdogo wake, akazitenga nywele za utosini kwa vidole vyake mwenyewe.

"Fanya upesi, mdogo wangu," alisema, kwa sauti ileile iliyokuwa ikimbembeleza utotoni. "Amelala kidogo."