Taa ya Kijani ya Mwewe

Ujumbe ulimkuta Kozi kwenye ngazi za msikiti, sala ya adhuhuri imekwisha, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Marehemu amekuwa akiingia nyumbani kwake. Funga mlango kabla ya magharibi."

Aliusoma. Akaufuta. Akavaa kiatu cha pili.

Katika Idara nzima ya Ujasusi, aliyeitwa marehemu bila ya jina kuongezwa alikuwa mmoja tu. Mwewe. Mwenzake wa safari na wa sahani moja, aliyeopolewa majini akiwa na tundu la risasi kisogoni. Maiti ilipatikana ikiwa na saa yake ya Casio, pete yake na funguo zake. Simu yake ya kazi haikupatikana.

Kozi alipanda pikipiki yake, Yamaha nyeusi isiyo na pambo, akatia kisikilizi sikioni na kumpigia Mkuu huku akiingia barabarani.

Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi. Simu ile, alisema, iliundwa isifungue ratiba za doria isipokuwa ndani ya mitandao miwili: wa Makao Makuu, na wa nyumbani kwa Mwewe. Tangu mwenye nayo azikwe, ratiba zilikuwa zimefunguliwa kutoka nyumbani kwake mara kadhaa, na kila zilipofunguliwa, magendo yalipita barabara isiyo na askari. Idara ilikuwa imelibaini jambo hilo asubuhi hiyo. Na usiku huu mzigo haukuwa sigara wala vipuri. Ulikuwa viwashio vya mabomu, vilivyoagizwa na watu wa nje, vya kutosha mabomu ya kulibomoa bwawa la umeme na kuvizamisha vijiji vilivyo chini yake.

"Na mjane?" Kozi aliuliza.

"Mlete. Wakubwa wamekwisha kuamua. Nyumba ile ni ya msaliti, awe hai au awe kaburini."

Kozi aliipita njia panda.

"Nipe hadi magharibi, Mkuu. Nitakuletea mkono ulioishika simu hiyo."

"Na ukiukosa?"

"Utampata mjane. Na jina la Mwewe utaliandika upendavyo."

Laini ikakatika. Kwa Mkuu, huko ndiko kukubali.

*

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya kichochoro chembamba mno, hata madirisha ya pande mbili yangeweza kupeana mikono. Ng'ambo yake palikuwa na kliniki ya meno, yenye bango la jino linalocheka.

Aliyefungua mlango ni mama yake Mwewe, kizee mwembamba mwenye macho ya askari wa zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko kwenu mnalishwa karatasi?" Alimtazama kiunoni. "Na hiyo bastola usiilaze kwenye mito yangu. Nimeifua jana."

Kozi aliketi kwenye kiti cha mbao, Glock yake mapajani. Mjane alikuwa edani. Aliketi upande wa pili wa chumba, ushungi umefika kwenye nyusi, na Kozi aliongea naye macho yakiwa zuliani. Hapo ndipo alipoziona kandambili za Mwewe. Zilikuwa zimepangwa mlangoni, zimegeuzwa kuelekea ndani, tayari kwa miguu.

"Shemeji, usinicheke," mjane alisema.

"Siwezi."

"Mume wangu amekuwa akirudi."

Mama mtu hakugeuza uso. Alikuwa amekwisha kulisikia hilo, na lilikuwa limekwisha kumtoa machozi yote aliyokuwa nayo.

Mjane alieleza polepole. Kwenye rafu, chini ya saa ya ukutani, ilikaa ruta ya waifai ya nyumba. Mwewe aliifuta programu iliyotoka nayo kiwandani, akaitia nyingine aliyoiunda mwenyewe, na katika hiyo aliificha salamu. Simu yake ilipoikaribia kona ya kichochoro, taa ya mwisho ya ruta iligeuka kijani. Basi mkewe alijua: yu hai, amerudi, fungua komeo. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumpigia kumuuliza alipo. Aliitazama taa.

Baada ya mazishi, taa iliwaka.

Iliwaka mchana, jua likiwa kali, na ngazi zikiwa hazina nyayo. Ilikaa kijani kwa muda, ikazimika. Siku nyingine ikawaka tena. Hakumwambia mtu ila mama mkwe wake. Alizitoa kandambili kabatini, akazipanga.

"Na sasa?" Kozi aliuliza.

"Sasa nimeiua mwenyewe."

Daktari wa meno wa ng'ambo, aliyewahi kumng'oa mama jino na ambaye tangu msiba alikuwa akija mara kwa mara kuwajulia hali, alikuwa amemwambia kwamba ruta ile inafifia kwa uzee wa programu yake. Akamletea programu mpya na kumwonyesha pa kubonyeza. Alibonyeza. Tangu hapo ruta haikusimama tena.

Kozi aliinua macho. Taa za ruta ziliwaka moja baada ya nyingine, zikafika ya tatu, zote zikazimika. Zikaanza upya. Zilikuwa kama mtu anayeianza bismillahi asiifikishe mwisho.

Daktari wa meno, alijiuliza, linamhusu nini kufifia kwa waifai ya jirani?



*

Alifungua begi. Bisibisi, waya wa mtandao, kebo nyembamba yenye vichwa vinne, kompyuta ya ThinkPad iliyochubuka pembe. Aliifungua ruta skrubu kwa skrubu, akazitafuta pini nne zilizo kando ya ubao wake, akaziunganisha na kompyuta.

"Hilo jini la plastiki lina utumbo mdogo kumbe," mama alisema.

Maneno yalishuka kwenye kioo kama mvua. Kozi aliyasoma, akaigeuza ruta na kutazama kibandiko cha chini. Ilikuwa toleo la pili la aina yake. Daktari alileta programu ya toleo la tatu. Kwa nje ni mapacha. Kwa ndani, kila kitu kimehama mahali pake. Mashine iliamka, ikapapasa gizani, isipate kumbukumbu yake ilipo, ikaanguka, ikaamka tena.

Hakuharibu kwa makusudi, Kozi aliwaza. Alitaka iwe na nguvu zaidi.

Programu ya Mwewe alikuwa nayo. Mwewe aliwahi kuitia kwenye ruta ya nyumbani kwa Kozi pia, akampa na nakala, akamwambia kwa mzaha kwamba siku atakapooa, taa itapata kazi. Taa hiyo haikuwahi kupewa simu ya kuingoja, wala haikuwaka kijani hata siku moja.

Kisikilizi kilinguruma sikioni.

"Hali?"

"Naifufua ruta."

"Ifute yote, uanze upya. Ni rahisi zaidi."

"Nikiifuta yote, itaisahau simu ya Mwewe. Taa haitamjua mtu."

Mkuu akavuta pumzi. "Lori limeondoka ghalani. Linangoja ratiba ili lichague barabara."

Kozi aliandika amri kwa uangalifu wa mwenye kunakili aya. Fungu la programu liandikwe upya. Fungu la mipangilio lisiguswe. Alipima amri yake mara tatu, kwani herufi moja ingetosha kumfuta Mwewe katika kumbukumbu ya nyumba yake mwenyewe. Kisha akazima swichi, akawasha, na katika sekunde chache ambazo mashine husikiliza kabla ya kuamka, akabonyeza.

Ruta ilitii. Programu ilianza kuingia.

Robo. Nusu.

Taa ya chumba ikapepesa.

Kozi aliruka. Umeme ukikatika katikati ya kazi ile, hapangebaki cha kufufua.

"Mama, pikipiki ya Mwewe iko wapi?"

"Ndani, chini ya ngazi. Nani angenunua mkweche ule?"

Alishuka ngazi tatu tatu. Betri ya volti kumi na mbili, ile ile iliyohitajiwa na ruta. Alipanda nayo kifuani, akaiunga sambamba na waya wa ruta kwa vibano viwili, mikono ikinuka mafuta. Kibano cha pili kilikuwa hakijatulia bado umeme ulipoondoka. Feni ikasimama, friji ikanyamaza, mtaa mzima ukawa kimya.

Ruta haikuzimika.

Robo tatu. Kamili.

Kioo kikasafika. Ikatokea tarehe: tarehe mosi Januari, mwaka wa 1970. Ruta haina saa yake yenyewe. Kila inapofufuka hudhani ulimwengu uko hapo. Mwewe hajazaliwa, wala hajafa.

Chini ya tarehe ukajitokeza mstari ambao marehemu aliuandika kwa ajili yake mwenyewe, asome kila anapoitengeneza mashine yake.

"Umerudi salama? Sema alhamdulillahi."

Kozi aliusoma. Akasahau kwa kitambo kwamba alikuwa kazini.

*

Umeme ulirudi. Ruta ikakusanya nguvu, taa moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Ikasimama imara.

Na taa ya mwisho ikageuka kijani.

Mjane alikuwa amekwisha kusimama. Mwili wake ulimtangulia. Alifika mlangoni na kulishika komeo kabla hajajijua. Mama alishika tasbihi yake asiizungushe. Ngazi zilikuwa kimya. Kichochoro kilikuwa kimya. Kijani kiliangaza kwenye kandambili tupu.

"Rudi ukae, shemeji," Kozi alisema kwa upole. "Si yeye. Ni simu yake, na iko karibu."

Alipiga Makao Makuu. "Msiitoe ratiba bado. Nikisema, toeni ya uongo. Doria yote upande wa mashariki. Magharibi wazi."

"Na askari?"

"Magharibi, taa zimezimwa."

Kisha akafanya jambo ambalo ruta ya dukani isingelikubali. Programu ya Mwewe iliruhusu nguvu ya antena kupunguzwa hatua kwa hatua, na Kozi akaipunguza. Mtandao ukajikunja kutoka kwenye kona. Ukajikunja kutoka kichochoroni. Ukavuka dirisha, ukabaki ndani ya kuta nne.

Taa ikazimika.

"Anayeihitaji," alisema, "itambidi aje ilipo."

Aliwaeleza la kufanya. Mama alisikiliza, akasema kwamba kwa umri wake hajawahi kuombwa na serikali jambo jepesi kama kukaa kitini. Kozi akaingia chumba cha ndani, akauacha mlango wazi kiasi cha upana wa jicho.

Jua lilikuwa limefika ukingoni mwa paa wakati nyayo ziliposikika. Ngazi ya kwanza. Ya tatu. Kituo.

Kabla ya mlango kubishwa, taa iligeuka kijani.

Mjane aliitazama. Miaka yote ya ndoa, kijani kile kilimaanisha komeo lifunguliwe. Akafungua.

"Hodi jamani," alisema daktari wa meno, koti jeupe mwilini, mkoba mkononi. "Nimepita kuwajulia hali. Waifai imerudi?"

"Imerudi, karibu," mjane alijibu, na sauti yake haikutikisika.

Daktari aliketi chini ya rafu kabisa, akauweka mkoba sakafuni. Alizungumza juu ya joto, juu ya jino la mama, juu ya subira. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Sasa," Kozi alinong'ona.

Sekunde chache baadaye daktari aliomba radhi, kwamba mgonjwa anamsumbua kwa ujumbe. Alitoa simu, akaisoma. Akatoa na simu ya pili, akaandika. Kozi aliitambua ile ya kwanza. Alikuwepo Mwewe alipoiangusha na kuupasua mgongo wake. Kufuli lake lilifunguka kwa kidole cha Mwewe tu. Mtu aliyelifungua alilifungua kwa mkono wa maiti, kisha akaweka kidole chake.

Sikioni, Mkuu alisema neno moja.

"Limegeuka."

Lori lilikuwa limeshika njia ya magharibi.

Kozi alisukuma mlango, Glock mbele. Lakini mjane alimtangulia kwa ulimi.

"Daktari, kabla hujanywa chai yangu, nipe simu ya mume wangu."

Uso wa daktari ukaisha damu. Mkono wake ulishuka upande wa kiti, kwenye mkoba. Ukapapasa. Haukukuta kitu.

"Unautafuta huu?" mama aliuliza. Mkoba ulikuwa chini ya kiti chake. Alikuwa ameuvuta kwa mguu, kidogo kidogo, wakati wa maneno ya subira. "Keti vizuri, mwanangu. Na ufumbue mdomo. Leo tunakung'oa sisi."

Pingu zililia mara mbili. Daktari alisema kwamba hakumpiga risasi yeye, kwamba alipewa simu tu. Kozi alimjibu kwamba majina yote atayataja, na atakuwa na usiku mzima wa kuyakumbuka.

Vijana wa Idara walimteremsha. Mkuu akapiga tena: viwashio vyote vimekamatwa, dereva na wenzake wamelala kifudifudi.

"Na jina la Mwewe?" Kozi aliuliza.



"Litabaki lilipokuwa."

*

Simu ilikuwa ushahidi; ilipaswa kwenda. Kozi aliitia katika mfuko wa ndani wa koti, ikiwa inawaka bado, na mjane akaifuata kwa macho hadi ilipopotea.

"Itazimika ukiondoka," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Nilijua siye. Nilijua tangu siku ya kwanza." Aliinama, akazichukua kandambili, akazipangusa kwa kiganja. "Nilitaka tu nimfungulie mlango."

Kozi alirudi kwenye kompyuta, akabonyeza mara chache, akafunga begi, akamuaga mama. Mama alimwambia ale, na asisubiri mwingine afe ndipo aje.

Alishuka kichochoroni. Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza. Alitembea kwa hatua za mtu asiye na haraka, kola imesimama, Glock imelala, bila ya kugeuka nyuma.

Nguvu ya antena alikuwa ameirudisha juu kabisa.

Aliifika kona, akasimama. Hapo ndipo mtandao ulipoishia, na alijua kwamba juu, katika chumba kisicho na taa nyingine, mtu anatazama kijani.

Alisimama hadi adhana ilipokwisha.

Kisha akapiga hatua moja zaidi.

Simu ikatetemeka kifuani mwake, ikapoteza nyumba.

Kozi akaenda kuiwahi sala.