Mechi Tano, Vifungo Vitano

Kila Jumamosi asubuhi, nikishafagia na kuosha vyombo, nilikuwa na kazi moja zaidi: kumpigia kaka hesabu za mkeka. Kaka yangu ni fundi baiskeli, na shangazi husema mikono yake ina akili kuliko kichwa chake. Alikuwa akichagua mechi tano kwenye simu na kuzifunga pamoja katika dau moja. Huo ndio mkeka. Kila mechi ina namba yake ya malipo, na kazi yangu ilikuwa kuzidisha.

"Haya, profesa, leo zote ni moja nukta tisa," alisema.

Nilizizidisha zote tano, nikapata ishirini na nne na ushee. "Ukiweka elfu arobaini, unapata karibu milioni."

"Ningekuwa nazo!"

Mimi nilikuwa nazo. Baba ni mwashi, na alizidunduliza miezi minne ili ninunuliwe miwani, maana ubao wa darasani niliuona ukungu mtupu. Alinipa nizitunze mwenyewe. Nikazitoa kwenye daftari, nikampa kaka. Hata hakunibembeleza. Nilijiambia kuwa tukikosa mechi moja, tutalipwa za zile nne.

Timu nne zilishinda. Ya tano ikatoka sare.

"Tutapata ngapi?" niliuliza.

"Hatupati kitu. Mkeka ukichanika sehemu moja, umechanika wote."

Sikulia. Nilikuwa kama nimekufa ganzi. Mama aliita chakula, nikala, sijui nilikula nini. Siku nne zilipita hivyo. Jumatano baba aliposema kesho tutakwenda kwa daktari wa macho, nikamweleza yote, kwa sauti ya mtu anayesoma imla. Baba alivua viatu vyake vyenye saruji, akatoka nje.

Shangazi, anayeshona nguo chumba cha mbele, alisikia kila kitu. Akatuita, akampa kaka vifungo vitano vya shati.

"Kila kifungo ni mechi. Kikilala chali umeshinda, kikilala kifudifudi umekosa. Nataka vyote vitano chali kwa mpigo mmoja."

Kaka alirusha. Vitatu chali. Akarusha tena na tena. Mara mbili alipata vinne, akaguna. Mara ya ishirini na tatu vyote vikalala chali.

"Umeona!" aliruka.

"Nimeona. Umerusha mara ishirini na tatu. Una elfu arobaini ngapi, mwanangu?"

Kaka akakaa chini. Shangazi akanigeukia. "Kifungo kina pande mbili. Zidisha mbili kwa mbili, vifungo vyote vitano."

"Thelathini na mbili."

"Basi, tuseme kila mechi ni kama kifungo. Kwa wastani ungepata mara moja katika thelathini na mbili. Wenye mchezo wanakulipa mara ngapi?"

"Ishirini na nne na ushee," nilisema taratibu.

"Hizo saba na zaidi zinazopungua wanabaki nazo wao, hata siku uliyoshinda. Na kila mechi unayoongeza, wanamega tena. Mkeka mrefu ndio wanaoupenda."

Siku hiyohiyo kaka alifuta mikeka kwenye simu, na tangu hapo kila jioni alimkabidhi baba sehemu ya mapato yake. Mimi nilihamia dawati la mbele, nikawa nakodoa macho. Wiki ya saba tukaenda kwa daktari. Njia nzima bado sikuhisi kitu.

Tulipotoka, nikiwa na miwani usoni, baba alisimama.

"Hesabu yako ilikuwa sahihi," alisema. "Ila ulizidisha malipo, hukuzidisha hatari. Mtu anayejua hesabu ataulizwa na watu wengi, mwanangu. Wape jibu lote, si ile nusu wanayoipenda."

Niliona mistari ya uchovu chini ya macho yake, mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipolia.