Karte Yenye Ilisikiliza Kimya

Miye mwenyewe nilikuwa pale, na haya macho yangu inaonaka mbuzi ya Kanyabayonga, kule mbali kabisa, nikiwa Butembo! Rafiki yangu Siméon anatengenezaka bamashini. Issaka, transporteur wa Beni mwenye anabebaka mizigo na lori, akamuletea mashini yenye inasikilizaka sauti ya bachauffeur na kuiandika. Bila karte yake ya calcul, kile kibao kidogo cha bei kali chenye kinafanyaka hesabu ndani, ile mashini haiandikake hata herufi moja. Sasa ilikuwa inaandika maneno yenye hakuna mutu alisema, na Issaka alitaka kurudi Beni mbele mvua inyeshe.

Siméon akaipima namna anapimaka zote: akaipatia enregistrement, sauti ya kurekodiwa, yenye iko kimya tu, donc inapashwa kutoa ukurasa mweupe. Mawingu ilikuwa imetia chumba giza. Feni ya mashini ikalia vuuu, kisha ikanyamaza. Écran, kile kioo chake, ikaandika: "Issaka, usirudi Beni."

"Siméon, unanichekelea?" Issaka akauliza. "Unataka karte yangu ibaki kwako!"

"Ndeko, ndugu yangu, sikugusa hata herufi moja ya clavier!"

Bakaangaliana muno, halafu bakaniangalia miye. Eti miye, mutu wa kweli hivi! Siméon akatosha karte, akaweka ingine mupya, akapatia mashini kimya tena. Vuuu, kisha kimya. "Issaka, usirudi Beni."

Issaka akarudisha funguo ya camion mufukoni. Akalala Butembo.

Bon, kuna kitu kimoja nilitunga, juu muniamini. Siméon hakukuwa na karte ingine. Alitosha ile, akaiweka juu ya meza, na mashini ikaandika yale maneno tena, tundu ya karte ikiwa wazi, bila kitu ndani.