Joho Lililokataa Mabega

Kila alasiri baada ya shule, Chiriku aliingia chini ya meza ya cherehani kuokota pini kwa sumaku. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo. Mama mwenyewe alikuwa fundi cherehani, na akiwa kazini alibana pini kati ya midomo, kwa hiyo akinyamaza hukujua kama amekasirika au amejaza pini mdomoni.

Wiki hiyo alikuwa akimalizia majoho ya kwaya ya kanisa lao. La mwisho lilikuwa la kaka yake Chiriku, kijana aliyemaliza shule mwaka uliopita na aliyeimba sauti ya besi. Mama hakuwa amempima. Alipenda kujisifu kwamba wateja huwapima kwa futi, lakini wanawe huwapima kwa macho. Kaka akalivaa joho, akavuta huku na huku, mabega yakagoma kuingia. Mshono wa kwapani ukafumuka.

Mama akatoa pini mdomoni, moja moja. "Tangu lini una mabega haya?"

"Nakua, mama."

"Mtu wa miaka kumi na tisa haoti mabega kama uyoga."

Akamgeuza, akamkagua. Viwiko vilikuwa vimechubuka, na kwenye goti palikuwa na kidonda kibichi. Kaka akaeleza kwamba alianguka akitoka mazoezi ya kwaya, kisha akamkonyeza Chiriku. Chiriku akadakia kuwa ni kweli kabisa, yeye mwenyewe alimwona akianguka. Mama aliwatazama wote wawili kwa zamu, kama anavyotazama kitambaa anachohofia kuwa kitachuja rangi.

Tangu hapo nyumba ikaota macho. Mama alinusa mashati ya kijana kabla ya kuyafua. Akamwuliza wamefundishwa wimbo gani, na kaka alipoimba wimbo ambao hata watoto wadogo waliuchoka, mama akaitikia "sawa" kwa sauti kavu. Wiki hiyohiyo duka la vipuri pale kwenye kona likavunjwa. Wezi walipanda ukuta wa nyuma, na wateja waliokuja kuchukua nguo hawakuwa na habari nyingine. Mmoja akasema wezi wenyewe ni vijana wenye nguvu, watoto wa watu tunaosali nao. Mama alisikia akiwa anashona, na akajichoma sindano kidoleni.

Ijumaa mwalimu wa kwaya alikuja kuchukua majoho. Mama akamwuliza, kama mtu asiyejali sana, besi ya mwanawe inaendeleaje. Mwalimu alishangaa. Alidhani kijana amesafiri, maana kwenye mazoezi hajaonekana yapata miezi miwili. Akaomba asalimiwe sana. Mama akashukuru, akamsindikiza hadi mlangoni, kisha akafunga duka lake la kushonea na jua bado likiwaka. Akachukua mtandio wake.

"Unakwenda wapi, mama?" Chiriku aliuliza.

"Kituo cha polisi. Kama kaka yako ni mwizi, heri nimpeleke mimi, kuliko watu wamkute juu ya ukuta wamuue."

Akaufunga mtandio vibaya, akaufungua, akaufunga tena. Chiriku alikuwa amemwapia kaka yake kwamba hatasema, na kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumkabidhi siri, alijiona mtu mzima kweli. Sasa aliona siri ile inakompeleka kaka yake. Akasimama katikati ya mlango.

"Kaka si mwizi. Amechaguliwa jeshini, anaondoka Jumatatu. Kila jioni anafanya mazoezi na mlinzi wa shule yetu, yule aliyekuwa askari. Wanatambaa uwanjani, ndiko alikochubuka. Mimi sikumwona akianguka, mama. Nilidanganya."

Mama akakaa chini. "Asante, Bwana," alisema, kwa kuwa mwanawe hakuwa mwizi. Kisha neno jeshi likamwingia vizuri, akaanza kulia.

Kaka aliporudi, jasho likimtiririka, aliwakuta hivyo. Alimtupia Chiriku jicho moja akaelewa yote. Mama akamwuliza kwa nini alimficha.

"Kila tukikaa mezani unaomba Mungu awaweke watoto wako mbali na bunduki," kaka alijibu. "Ningeanzaje kukwambia, ukishasema Amina?"

Mama akajifuta uso. "Na ukiamriwa kufyatua?"

Kaka alisema mwaka wa mafuriko aliwaona askari wakiwatoa watu kwenye maji kwa kuwabeba migongoni, na kazi ile ndiyo iliyomvuta. "Lakini siwezi kukuahidi kwamba ni hiyo tu nitakayofanya. Hilo hata mimi linaninyima usingizi."

"Leo umesema kweli," mama alisema. Hakusema kwamba amekubali. Jumamosi nzima alishona bila kuzungumza, na safari hii hakuwa na pini mdomoni.

Katika kanisa lao, anayesafiri huitwa mbele pamoja na watu wa nyumbani kwake, na mzazi hutaja aendako ili waumini wamwombee. Jumapili Chiriku alikaa roho juu. Aliogopa mama atasema kijana anakwenda masomoni, ili kukwepa maneno ya watu. Lakini mama alisimama akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mwanangu anakwenda jeshini. Sijafurahi, na Mungu anajua nimebishana naye tangu Ijumaa. Mwombeeni, na mimi pia mniombee."

Kaka akapiga magoti, mama akamwekea mkono kichwani. Alianza kuomba, sauti ikamkatika, na waumini wakaipokea sala.

Wakati wa kurudi, kaka alitangulia na mwalimu wa kwaya. Chiriku akamwomba mama msamaha.

"Nimekusamehe," mama alisema. "Ila nisikilize. Muda wote huu nilikuwa namwombea mwizi ambaye hayupo. Mwanangu mwenyewe, mwenye safari ya hatari, hakuwa na mama wa kumwombea, kwa sababu uongo wenu ulinificha alipo. Ukweli ungeniumiza, lakini ningeumia nikiwa upande wake. Siku nyingine ukipewa siri inayokulazimu kunidanganya, mrudishie mwenyewe."

Kisha akakaza mwendo amfikie kijana wake, maana kesho yake asubuhi alikuwa anaondoka.